Ya Kwanza kwa Mama Shukuru

Alhamisi, 1 Desemba 1994

Nakanda unga, nasikiliza kanda. Ndiyo asubuhi yangu. Basi la Lindi limechelewa, chapati za mwanzo zinapoa. Redio iko juu ya kabati la sahani, imeungwa na betri ya gari. Betri inaanza kulegea. Sauti ya mwimbaji inakuwa nzito kama ya mtu mwenye usingizi. Lazima iende kuchajiwa kwenye mashine ya kusaga.

Desemba imeingia. Kuanzia leo sisikilizi tu, napima. Jumamosi ya mwisho ya mwaka, baada ya alasiri, nitasimama mbele ya ubao wa vyakula nitaje kanda mpya za mwaka huu, kuanzia ya tano kurudi hadi ya kwanza. Jambo hili lilianza kwa mzaha. Madereva waligombana hapa mgahawani, bendi ipi imewika na ipi imelala. Nikawaambia nyamazeni, mimi ndiye ninayezisikia zote kutwa nzima, nitawaambia. Nikawaambia. Mwaka uliofuata wakaja wenyewe kuuliza.

Siku hizi dereva wa Dar akiweka kanda garini husema, "Hii ilikuwa ya kwanza kwa Mama Shukuru." Nimelisikia kwa masikio yangu nilipokuwa naenda Ikwiriri kumtazama binti yangu. Konda hakunijua. Nikageukia dirishani, nikavimba kama andazi.

Sipimi kwa jina la bendi wala kwa picha iliyo kwenye kasha. Napima kwa mkono wangu. Kanda nzuri hunisimamisha mkono.

Jumamosi, 3 Desemba

Kanda zimekuwa nyingi mwaka huu. Zamani ilikuwa redio ya taifa tu, ikuchagulie yenyewe. Sasa mwenye mashine anarekodi, mwenye duka anadurufu, zinashuka kwenye mabasi kama mitumba. Nyingi ni takataka. Sioni haya kusema.

Leo nimewasikiliza vijana wa Dar wanaojiita Kikosi Moto. Hawaimbi, wanasema. Wanasema haraka, maneno yanafukuzana. Somoe, jirani yangu anayeuza vitenge, alisema huu si muziki, hawa wanagombana. Mimi nimewapenda. Wana vina. Mtu mwenye vina hajapotea. Hao nawapa ya tano.

Watatu wanasukumana huko juu, na nafasi moja bado haina mwenyewe. Waridi Jipya wametoa taarabu safi, fidla zinalia hadi unajisikia umefiwa. Watoto wa Bondeni wana kile kinanda chao kidogo cha betri, kelele nyingi, lakini miguu inakataa kutulia. Chemchemi Sound wana gita la solo zuri sana upande wa kwanza. Upande wa pili wamechoka. Bendi ikichoka naisikia, hata wakijificha nyuma ya tarumbeta.

Kwa leo Waridi Jipya wako mbele. Kila mtu Kibiti anajua watakuwa mbele. Hilo linaniudhi kidogo.

Jumanne, 6 Desemba

Siku mbaya. Niandike kwa mpango.

Hamisi, dereva wa basi la Lindi, ameniletea kanda mpya. Ndiye mletaji wangu mkubwa. Kwa kawaida huniwekea mezani, anaagiza wali samaki na kuanza kusifia. Leo aliisukuma chini ya sahani ya chapati, akaondoka bila kula. Nikadhani tumbo linamsumbua.

Kasha halikuwa na picha. Karatasi nyeupe, imeandikwa kwa mashine ya kupiga chapa: Sauti ya Mikoko. Nikaiweka. Tari mbili, ngoma moja ya dumbaki, kodiani. Hakuna kinanda cha umeme, hakuna fidla. Nikasema moyoni, masikini, hawana vyombo. Kisha mwanamke akaanza kuimba.

Sijui niiandikeje sauti ile. Haipandi kwa nguvu. Inapanda kama maji yanavyojaa kwenye mfereji wa mpunga, hujayaona yakija, mara yako magotini. Mkono ulisimama. Chapati iliungua ikawa kaa, moshi ukajaa, abiria wakakohoa. Sikugeuza.

Wimbo ulipokwisha nikasema kwa sauti, mbele ya watu, "Huyu mwanamke ni nani?" Nikafungua kasha nikasoma karatasi kwa ndani. Kikundi cha wanawake wa Mbwera. Mwimbaji na mtunzi, Mwanamvua Shee.

Mwanamvua wa Mbwera ni mke mwenzangu.

Jumatano, 7 Desemba

Sikuwasha redio. Wateja waliuliza. Nikasema betri.

Ijumaa, 9 Desemba

Sikukuu ya Uhuru. Bendera ofisini, watoto wa shule wamepita na ngoma. Wateja wachache, nina muda wa kuandika.

Baba Shukuru alimuoa Mwanamvua mwaka wa tatu sasa. Ananunua kamba na samaki wakavu huko Mbwera, deltani, analeta Kibiti, mengine yanaenda Dar. Hukaa huko wiki, huku wiki. Hakuniambia. Niliambiwa na mwanamke aliyekuja kununua chai, alidhani najua. Tangu siku hiyo mimi na Mwanamvua hatujaonana wala kusalimiana. Yeye ana Mbwera yake, mimi nina Kibiti yangu, kati yetu kuna mikoko na matope, na yalinitosha.

Somoe alikuja baada ya swala ya Ijumaa. Alikaa, akatazama chini, akacheza na ncha ya khanga.

"Umeusikiliza upande wa pili?"

"Bado."

"Wimbo wa tatu, shoga yangu. Usisikilize mbele za watu."

Nikafunga mlango wa mbele, nikasikiliza. Naunakili hapa ili nisije nikasema niliota:

Una jiko una moto, wali hauna utamu,
Na wasafiri walapo, ni njaa huwalazimu,
Bwana kapita akenda, kula penye ukarimu.

Ni mimi. Nani mwingine ana jiko na wasafiri na bwana mmoja na yeye? Hakutaja jina. Hakuhitaji.

Nina hasira. Na kingine kibaya zaidi: ni wimbo mzuri. Mizani imetimia. Kiitikio kinaingia pale pale unapokitaka. Anaposema "ukarimu" anaivuta ile "ri" kidogo tu, anaiachia, wenzake wanacheka nyuma yake, kicheko chenyewe kiko ndani ya mapigo. Nimesikiliza mara tatu. Mara ya tatu nilijikuta napiga meza kwa kijiko.

Nikakitupa kijiko.

Jumapili, 11 Desemba

Mji mzima unao. Muuza mishikaki anaupiga mluzi. Wasichana wa bombani wanauimba, nikitokea wananyamaza, nikipita wanacheka. Basi la jana lilikuja likiupiga, konda akauzima haraka kama anafunika chungu. Mteja mmoja, mgeni wa Mtwara, hajui lolote, alikula wali wangu huku akiimba kwamba hauna utamu. Akaomba nyongeza.

Wali wangu una utamu. Naandika kwa herufi nzito: UNA UTAMU. Mchele wa bondeni, nazi ya kukuna, chumvi inaingia mapema. Watu wanavumilia njaa kutoka Mbagala ili waje kula kwangu. Hata akitukana mwili wangu au umri wangu, sawa. Wali!

Nimeamua. Kanda hiyo haitawekwa tena kwenye redio yangu.

Jumatano, 14 Desemba

Baba Shukuru amerudi na magunia ya kamba. Ameshukia nyuma, mlango wa uani, kama mwizi. Nilimwandalia maji ya kuoga na chakula. Alipomaliza kula akaanza mwenyewe.

"Mama Shukuru, ile kanda."

"Ipi?"

"Unaijua. Mimi sikujua anatunga nini. Kuna mnunuzi mmoja wa kamba kutoka Dar, aliwasikia wakiimba harusini, akawapeleka mjini kurekodi. Mimi nilidhani ni nyimbo za harusi."

"Ni nyimbo za harusi," nikamwambia. "Ya kwako."

Akaniomba nisiiguse. Nisiitaje kwenye zile tano, wala kwa ubaya. Nikiitaja ya mwisho watu watacheka. Nikiitaja ya juu watacheka zaidi. Alisema hivi, nakumbuka neno kwa neno: "Mimi ndiye nitakayeaibika."

Yeye ndiye! Mimi nimeimbwa kutoka Dar mpaka pantoni ya Ndundu, na mwenye aibu ni yeye.

Nilimwambia kila mwaka nataja tano ninazozipenda, si tano anazozipenda yeye. Akasema basi sema huipendi. Nikaingia kuosha vyombo. Mimi si mwongo, hasa kwa muziki. Kwa mengine labda.

Ijumaa, 16 Desemba

Mvua kubwa. Barabara ya kusini imekatika mbele huko, mabasi yamelala kwenye tope, abiria wamejaa mgahawani wamelowa na watoto wao. Nimepika mara mbili ya kawaida.

Abiria waliomba muziki. Nikaweka Waridi Jipya. Nikaweka Chemchemi. Nikaweka Watoto wa Bondeni, mtoto mmoja akacheza juu ya benchi. Kisha mama mmoja mzee, amekaa pembeni na mzigo wake, akauliza kama nina ile ya wanawake wa Mbwera. Alisema yeye ni wa kule. Ningemkatalia vipi? Nikaiweka, upande wa kwanza, ule usio na matusi.

Sikuwa nimeusikiliza wimbo wa pili. Siku ile ya kwanza nilizima. Leo nimeusikia wote.

Ni wimbo wa mama aliye kwenye mtumbwi. Maji yamekupwa, mtumbwi umekwama kwenye tope, mtoto ana homa, zahanati iko ng'ambo. Mama anamwimbia mtoto wasubiri maji. Maji yakijaa tutakwenda. Maji yakijaa tutakwenda. Kila akirudia, sauti inashuka. Mwishoni maji yanajaa, na haimbi tena neno "tutakwenda". Anaimba "maji yamejaa" tu. Tari zinanyamaza. Basi.

Yule mama mzee akasema, bila kumwambia mtu, "Alikuwa wake huyo. Wa kike. Mwaka jana, wakati wa masika."

Nikahesabu. Mwaka jana, wakati wa masika, Baba Shukuru alirudi kutoka deltani amekonda. Alikaa uani siku nzima hasemi. Nilidhani biashara imeharibika. Nilimkaripia.

Alizika mtoto, na mimi nikamkaripia.

Jumamosi, 17 Desemba

Nilimuuliza asubuhi, akiwa anafunga magunia. Nilimuuliza wima, sikuzunguka. Akaendelea kufunga. Kisha mikono ikaacha.

"Ningekuambiaje?" akasema. "Hukutaka kusikia jina la mama yake. Ningekuambia vipi la mtoto?"

Ni kweli. Sikutaka. Lakini mimi nami nilizika mvulana, kabla sijamzaa Shukuru, na yeye alikuwepo, tulilia kwenye mkeka mmoja. Alipaswa kujua ningelia. Baada ya miaka yote hii, alipaswa.

Nililia leo. Kwa ajili ya mtoto nisiyemjua, na kwa hasira, vyote pamoja. Kitunguu kilinisaidia kwa wateja.

Jumatatu, 19 Desemba

Somoe amekuja na mahesabu yake. Ni mwerevu, angekuwa mbunge. Akasema: ukimweka wa kwanza watasema umeshindwa, umempigia magoti mke mdogo. Ukimweka wa mwisho watasema wivu. Usipomweka kabisa watasema woga. Mtego umekubana pande zote.

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo ugua. Siku hiyo jilaze, useme homa. Nani atamlaumu mgonjwa?"

Tukacheka hadi machozi. Lakini hakuwa anatania, na mimi kwa kitambo kidogo nililifikiria.

Jioni nimezisikiliza zote tena, moja baada ya nyingine, kwa haki. Nilizipa kila moja nafasi ya kuishinda ile. Waridi Jipya walijitahidi kweli. Wana vyombo, wana wapigaji waliosoma, kila kitu kimepangwa kama chumba cha bibi harusi. Hakuna mahali pa kuketi. Nilikuwa nikisikia hivyo tangu mwanzo wa mwezi na sikujua ni nini. Sasa najua.

Huyu wa Mbwera ana tari mbili.

Alhamisi, 22 Desemba

Hamisi amekula leo, hatimaye. Ameniomba radhi kwa kuniletea kanda kimyakimya. Anasema alijua ningeipenda na alijua itaniumiza, akashindwa kuchagua. Nikamsamehe. Alitenda sawasawa na ambavyo ningetenda mimi.

Kisha akanipa habari. Mwanamvua anakuja. Atavuka mpaka Nyamisati, apande gari, aje Kibiti kusikia mwenyewe. Watu wa Mbwera wamemchokoza: umemtukana mwenye ubao, ngoja uone utakavyokatwa. Amejibu atakuja akatwe mbele ya macho yake.

Ana kiburi. Nimelipenda hilo na sitaki kulipenda.

Madereva wameanza kuwekeana dau. Wengi wanasema sitaitaja. Wauza mishikaki wanasema nitaichana kanda hadharani. Mwenyekiti wa kijiji amekuja, eti kwa chai, akaniuliza kama kutakuwa na fujo. Nikamwambia kutakuwa na wali.

Jumanne, 27 Desemba

Sina usingizi mzuri. Naogopa. Niandike tu, naogopa kuchekwa. Mwanamke wa miaka arobaini, mgahawa wake mwenyewe, jina lake linasafiri hadi Lindi, na anaogopa wasichana wa bombani.

Baba Shukuru ameniuliza mara mbili nitafanya nini. Sikumjibu. Sijui kama namwadhibu au sijui jibu.

Alhamisi, 29 Desemba

Najua jibu.

Jumapili, 1 Januari 1995

Naandika asubuhi, mgahawa umefungwa hadi saa nne. Masufuria bado yamelowekwa.

Jana walijaa. Sijapata kuona watu wengi vile hapa. Madereva, makonda, wanawake wa sokoni, wakulima kutoka Mahege, vijana juu ya ukuta wa jirani. Betri ilikuwa imejaa, niliipeleka mwenyewe. Tangu alfajiri nilikuwa jikoni. Nilipika wali kama wa harusi, masufuria mawili makubwa, na kamba kwa mchuzi wa nazi. Nilivaa doti mpya ya khanga. Nilijifunga kilemba. Somoe alinitazama akasema, "Hii si homa." Nikamwambia si homa.

Alikuja baada ya alasiri. Sikuhitaji kuonyeshwa, watu walijigawa wenyewe akapata njia. Mdogo kuliko nilivyodhani, mwembamba, buibui lina tope upindoni, viatu mkononi. Alisimama nyuma kabisa, karibu na nguzo. Hakujificha na hakunisalimu. Baba Shukuru alikuwa karibu na mlango wa uani. Kwa uso wake angependa ardhi immeze.

Nikashika chaki. Ya tano, Kikosi Moto. Vijana wakapiga kelele, wazee wakaguna. Ya nne, Chemchemi Sound, nikaeleza kuhusu upande wa pili uliochoka, dereva mmoja akabisha, nikamwambia akasikilize tena. Ya tatu, Watoto wa Bondeni. Kila moja niliiweka kidogo redioni, kama desturi. Ya pili, Waridi Jipya.

Wote walikuwa wamewaweka Waridi Jipya kuwa wa kwanza. Wakaanza kutazamana.

Niliandika ubaoni polepole. Sauti ya Mikoko, Mbwera. Nikageuka. Nikasema maneno haya, niliyapanga tangu Alhamisi:

"Ya kwanza kwangu mwaka huu. Wimbo wa pili wa upande wa kwanza, mwenye mtoto asiusikilize akiwa peke yake. Wimbo wa tatu wa upande wa pili unanitukana mimi. Msijifanye hamjui, mnauimba bombani. Umetungwa vizuri. Sijasikia mpasho uliokaa kwenye mizani vile tangu nianze kusikiliza kanda. Una kosa moja tu. Wali wangu una utamu. Asiyeamini, sahani hizi hapa, leo hakuna wa kulipa."

Nikauweka. Wimbo wa tatu, upande wa pili, sauti hadi mwisho.

Kwanza hakuna aliyejongea. Kisha Hamisi akacheka, kile kicheko chake cha tumbo, akachukua sahani. Wakaja wote. Wakala wali wangu huku wakiimba kwamba hauna utamu, midomo imejaa, wanalamba vidole, wasichana wa bombani wanapokezana kiitikio na wauza mishikaki. Nilikuwa nagawa kwa upawa na kuitikia nao. Naam, niliitikia. Ule mvuto wa "ri" nauweza pia.

Sijawahi kujisikia mkubwa vile. Hata siku ya ndoa yangu.

Yeye alibaki nguzoni. Nilipakua sahani, nikaweka kamba wakubwa juu, nikampelekea mwenyewe. Watu wakapunguza kelele.

"Shikamoo, dada," akasema. Sauti yake ya kusema ni ndogo, huwezi kuamini.

"Marahaba. Kula."

Akala tonge. Akala la pili.

"Ule ubeti," akasema, "nitaubadili."

"Usiubadili. Utaharibu vina."

Akacheka. Alicheka kabla hajataka, nilimwona akijaribu kuzuia, kama mimi na kile kijiko. Akamaliza sahani yote.

Alilala kwa Somoe. Sikumkaribisha kwangu. Mimi si malaika.

Jumatatu, 2 Januari

Hamisi ameondoka na nakala za Sauti ya Mikoko kwenye boksi la sabuni. Madereva wanasema Lindi wanazisubiri. Mwenye mgahawa wa ng'ambo ya barabara ameanza kuuza "wali wenye utamu". Mwache. Kila mtu anajua umeanzia wapi.

Jumanne, 3 Januari

Mwanamvua ameondoka leo kurudi Mbwera. Gari la Nyamisati lilichelewa kujaa, akaja kukaa jikoni. Hakuomba. Alichukua mbuzi ya kukunia, akaanza kukuna nazi. Anakuna vizuri, hagusi ganda.

Mvua ilikuwa imekatika, matone yanaanguka kutoka kwenye makuti. Kisha nikamuuliza jina la mtoto. Akanitajia. Ni jina zuri. Nikamtajia la wangu. Naye akauliza alikuwa na umri gani, nikamwambia, akaendelea kukuna.

Bado simpendi. Labda nitampenda, labda sitampenda. Lakini nimekaa na mtu anayejua kuzika mtoto ni nini, na jiko halikuwa dogo kwa wawili.

Nilimfungia chapati za njiani. Konda akaita. Akavaa viatu, akaniaga kwa mikono miwili, akapanda mbele kando ya dereva.

Baba Shukuru alitoka uani gari lilipokwisha kupotea. Akasimama mlangoni, akiogopa kuingia na akiogopa kutoingia. Akauliza tulikuwa tunazungumza nini muda wote ule.

Nikamwambia, muziki.